London's Pulse: ripoti za mabwana afya wa zamani, nimezama nazo siku tatu

Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa nikaangukia hii London's Pulse, mkusanyo wa mtandaoni wa Wellcome (maktaba ya historia ya tiba huko London), ni ripoti za madaktari wakuu wa afya wa London kuanzia 1848 mpaka 1972, ziko zaidi ya 5,500 na zote unasoma bure.

Mi nimekomaa na sehemu moja tu, ukaguzi wa watu waliokuwa wanafanyia kazi za viwanda majumbani kwao (sio mahausigeli jamani, naongelea mtu anashona mashati au anagundisha maboksi kwenye chumba hicho hicho anacholala na watoto). Sheria ya viwanda ya 1901 ilimtaka mwajiri apeleke halmashauri orodha ya majina na anwani zao mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, ndo bwana afya anajua akapige hodi wapi. Na kwa vile mwenye kazi anaweza kuwa katikati ya jiji na fundi wake anakaa Bethnal Green huko mashariki ya London, halmashauri zilikuwa zinarushiana anwani, enzi za barua hizo!

Utamu uko kwenye majedwali. Nguo, maua ya bandia, miavuli, mifuko ya karatasi, brashi, kushonea vifungo kwenye kadi, kila kazi na mstari wake, halafu pembeni notisi ngapi, kesi ngapi. Kwenye nilizofungua mimi upande wa kesi ni sifuri tu zinashuka mpaka chini, na ukisoma sheria unaelewa, mwajiri anaandikiwa kwanza kwamba chumba hakifai kiafya halafu ana mwezi mzima kabla hajaguswa.

Kilichonikera sio tovuti, ni hao mabwana afya wenyewe. Nyumba ikikutwa na ndui au homa nyekundu kazi ya nguo inazuiwa, sawa, ugonjwa usimfuate mnunuzi, ila yule mama aliyekatiwa kazi wiki hiyo anakula nini? Hakuna safu ya hilo. Malipo waliyopewa kwa kila dazeni nayo hakuna, yaani bwana afya kaona kuta na choo basi.

Ukiingia tafuta "outworkers", ndo neno la ripoti kwa hawa wa kazi za majumbani, na tumia kompyuta maana kwenye simu majedwali mapana yanaumiza macho. Usiishie 1910 pia, mi niliruka mpaka ripoti za miaka ya 1960 nikidhani jedwali limeshafutwa, nikalikuta liko pale pale.