Riwaya nne nilizozisoma karibuni, na mwandishi anayemwamini msomaji wake

Katika riwaya nne nilizozimaliza karibuni, iliyonishika kuliko zote ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri hiyo ni ya Ida Hadjivayanis na ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Nyingine tatu ni Rosa Mistika na Nagona za Euphrase Kezilahabi, na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Zote nimezipima kwa jambo moja ambalo, kadiri ninavyoendelea kusoma, ndilo ninalolijali zaidi: kama mwandishi ananiachia nafasi ya kuwahukumu watu wake mwenyewe, au anasimama katikati yetu akinieleza nimpende nani na nimchukie nani. Asiyetaka kudokezewa yaliyomo kabla ya kusoma asiendelee, kwa sababu siwezi kueleza ubora wa vitabu hivi bila kugusa matukio yake.

Peponi inamhusu Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, ambaye wazazi wake wanamkabidhi kwa tajiri Aziz aondoke naye kwa garimoshi. Yeye amezoea kumwona Aziz kama ndugu wa familia, mgeni mkarimu ambaye kila akija humwachia sarafu wakati wa kuaga. Ni mpaka afike dukani kwa Aziz ndipo Khalil, kijana mwenzake aliyetangulia kuletwa pale, anapomweleza kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake na kwamba mtu yule si ndugu yake hata kidogo. Kinachonistaajabisha ni upole wa sauti ya mwandishi mahali ambapo mwingine angepaza kilio. Ile sarafu, iliyokuwa furaha ya mtoto katika kurasa za mwanzo, inageuka kuwa kitu kibaya sana katika fikra za msomaji, ilhali Gurnah mwenyewe hasemi neno juu yake. Aziz naye hachorwi kama jitu la kutisha; ni mtu mtaratibu, mwenye harufu nzuri na maneno ya heshima, anayeamini kwamba anachokifanya ni biashara tu kama biashara nyingine.

Sehemu ya safari ya msafara kuelekea bara, chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, ni ndefu, na wapo watakaochoka nayo. Mimi sikuichoka. Humo ndimo wafanyabiashara wanapokutana na Chatu, mtawala anayewakatalia dharau zao na kuwanyang'anya mali, na ghafla ulimwengu ambao mpaka hapo tulikuwa tukiuona kwa macho ya watu wa pwani unatazamwa kutoka upande wa pili. Chatu ana hoja. Anawakumbusha walioumizwa na misafara ya kabla yao, na msomaji aliyekuwa akiwahurumia wasafiri kwa maradhi, mvua na njaa analazimika kujiuliza huruma yake ilikuwa imeegemea wapi. Ugomvi huo unakatizwa na Mjerumani anayefika na askari wake na kuamua kesi kana kwamba nchi ni yake, na katika kurasa chache hizo tunaona zama moja ikifungwa na nyingine ikianza.

Hata hivyo, ukurasa niliourudia mara nyingi zaidi unamhusu Mzee Hamdani, mtumwa anayetunza bustani ya Aziz. Aliwahi kupewa uhuru wake na bibi mwenye nyumba, naye akaukataa, kwa hoja kwamba hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumpa kitu ambacho tangu hapo hakikuwa chao. Mhusika huyu huzungumza kwa nadra katika kitabu kizima. Gurnah angeweza kumfanya msemaji wa falsafa yake na kumrudisha kila baada ya sura moja. Badala yake anamwacha aendelee kumwagilia miti, na jibu lake linabaki likimsumbua Yusuf, na mimi pia. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya mwandishi mzuri na mwandishi mkubwa. Kuhusu tafsiri, mazungumzo ya dukani na ya msafarani, pamoja na utani na matusi yake, yanasomeka kama yaliyosemwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, jambo ambalo wafasiri wengi wa riwaya huliwania bila kulipata.

Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, inasumbua kwa namna nyingine. Zakaria ni baba mlevi anayemlinda binti yake kwa kipigo, hata barua ya kijana ikawa sababu ya kumjeruhi. Na Rosa, aliyekulia katika woga badala ya malezi, anapofika chuo cha ualimu mbali na macho ya baba yake hana kitu ndani yake cha kumwongoza. Kitabu hiki kiliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu ya jinsi kilivyozungumzia mapenzi waziwazi, na ukikisoma leo unaona kwamba ukali wake hasa umeelekezwa kwa wazazi na walimu. Udhaifu wake ni kwamba mara kwa mara mwandishi anaingilia kati na kutoa hukumu ambayo msomaji alikuwa keshaifikia mwenyewe. Lakini nguvu ya picha ya Zakaria ni kubwa mno kiasi kwamba nilisamehe kurasa hizo. Ni mtu anayechukiza na anayehuzunisha kwa wakati mmoja, na wazazi wa aina yake wangali hai.

Kusoma Nagona ya mwaka 1990 baada ya hiyo ni kukutana na mwandishi aliyeamua kuacha mahubiri yote. Msimulizi anapita katika mahali palipo kimya, miongoni mwa vitabu, wazee na majina ya wanafalsafa, akitafuta jambo ambalo kila mara linaponyoka kama paa. Hakuna njama ya kushika, wala sababu na matokeo ya kawaida. Ninawashauri wasomaji wasikianze wakiwa na haraka, na wasijilazimishe kukifasiri sentensi kwa sentensi, maana kina mwendo wa ndoto na uzuri wake unakuja kwa kurudiwa. Kuna sura ambazo mpaka sasa sijazielewa, nami sioni kwamba ni hasara, kwa kuwa picha zake zimenikaa.

Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, ndiyo inayosomeka kwa wepesi kuliko zote. Yasmin, msichana aliyeozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anamkimbia na kupata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, Unguja, na maisha yake yanaingiliana na ya Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa kikoloni. Shafi anajua kuendesha kisa. Ni vigumu kukiweka kitabu chini. Ila Denge ni mwema mno kwa ladha yangu, hana shaka wala ubinafsi, na Inspekta Wright ni adui tangu anapotokea, kwa hiyo katika mvutano wao nilijua mapema niwe upande gani. Aliyekiokoa kitabu machoni pangu ni Mwajuma, ambaye hana itikadi yoyote ya kuhubiri na anamfungulia mlango mgeni asiye wa kabila wala tabaka lake kwa sababu tu ana shida. Kama Shafi angemwandikia Mwajuma riwaya yake mwenyewe, ningeinunua siku hiyohiyo itakapotoka. Kwa sasa nimeshika Mzingile, riwaya ambayo Kezilahabi aliitoa mwaka mmoja baada ya Nagona, nami naisoma polepole kwa makusudi.