Propela ya kubadilisha kwenye mashine ya boti: ipi ununue Mtwara na Lindi

Kwa boti inayobeba nyavu, barafu au abiria kati ya Msimbati na Kilwa, nunua propela mpya ya alumini yenye mabawa matatu, na pichi yake iwe ndogo kuliko ile unayoitamani. Wengi huanza kwa kuuliza bei na chuma. Anza na pichi, maana hiyo ndiyo inayoua mashine.

Kwenye kitovu cha propela kuna namba mbili, mfano 9 1/4 x 9, zote kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Pichi kubwa huenda mbio boti ikiwa tupu. Ukiijaza, mashine inanguruma kwa tabu, haifiki mizunguko yake, moshi na masizi vinaongezeka, na mwisho pistoni zinaungua. Pichi ikiwa ndogo mno, mashine inazunguka kupita kiasi, nayo ni hasara.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Pakia mzigo wa kawaida, toka asubuhi bahari ikiwa shwari, fungua mafuta hadi mwisho, kisha soma mizunguko kwa kile kipimo kidogo cha mizunguko ambacho waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi. Mashine nyingi za Yamaha za farasi 15 za kuchanganya oili na petroli (two-stroke) zinatakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ya kwako iangalie kwenye kitabu chake. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 hivi. Ukisoma 4,400 kwa pichi ya 11 nawe unataka 5,000, shuka hadi 8. Kama boti siku nyingine huenda tupu, usifungue mafuta yote siku hizo.

Jambo la pili ni meno ya ndani ya kitovu. Yahesabu kwenye shafti, usikisie: mashine ya 15 na ya 40 hazishei propela hata zikiwa za kampuni moja. Unapoagiza Dar es Salaam, tuma picha ya namba, idadi ya meno na modeli iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine. Ukikosea, propela inarudi kwa basi na giza la mwezi linakupita bila kuvua dagaa.

Sasa mpangilio wetu wa propela, kuanzia ile bora zaidi kununua.

Ya kwanza ni alumini mpya, iwe ya kampuni ya mashine au ya mtengenezaji anayejulikana kama Solas. Ikigonga mwamba bawa linapinda au kuvunjika, na pigo kubwa linaishia hapo. Kwenye bahari yenye miamba na mafungu kama yetu, ambapo maji ya bamvua hutoka mbali mno, hiyo ni faida kubwa kuliko mwendo.

Ya pili ni alumini iliyotumika au kuchomelewa, kwa masharti. Ivalishe kwenye shafti, toa vifuniko vya plagi, weka mashine huru, shika kijiti karibu na ncha ya bawa na uzungushe. Ncha zote zipite kwa nafasi ileile. Ikitofautiana, propela itatikisa mashine na kula bearing na sili, yaani mpira unaozuia maji kuingia. Kagua pia mpira ulio ndani ya kitovu: piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, kimbiza boti, kisha tazama. Mstari ukikatika, mpira unateleza. Mashine italia na boti haitaondoka. Propela hiyo usiinunue.

Ya tatu ni chuma cha pua. Ni imara na haipindi kirahisi, inafaa boti nyepesi ya mwendo kwenye maji yenye kina. Ila kwenye mwamba pigo huenda kwenye shafti na gia, ambavyo ni ghali kuliko propela yoyote. Ukiichagua, zinki ya mashine, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mashine, ikaguliwe mara kwa mara.

Ya mwisho ni ya plastiki. Chini ya mzigo mabawa hulegea. Iweke botini kama akiba tu, pamoja na spana, nati na pini mbili za kuzuia nati isifunguke.

Wakati wa kufunga, paka grisi ya baharini kwenye meno ya shafti, na usisahau ile washa nene ya mbele; bila hiyo kitovu hukwaruza giaboksi. Zuia bawa kwa kipande cha mbao, kaza nati. Tundu la pini lisipolingana, kaza zaidi kidogo, usilegeze. Pini iwe mpya kila mara.

Kabla ya kuvalisha propela mpya, tazama mshipi uliojizungusha kwenye shafti. Nailoni hukata sili na maji ya chumvi huingia kwenye giaboksi. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi: oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, badilisha sili kwanza.