Nungwi au Makunduchi?
Wengi wakifika Unguja hukimbilia Nungwi, na sababu wanayo. Kwenye ncha ile ya kaskazini bahari haiendi mbali, kwa hiyo unaogelea karibu saa yoyote, na jua unaliona likizama majini. Ila usiku muziki wa baa hii unagongana na wa baa ile, na mapapasi, vijana wanaowaandama wageni kuwauzia hiki na kile, hawakupi nafasi.

Makunduchi, kusini, ni habari nyingine. Maji yakipwa yanapwa kweli: unabaki na mawe, mchanga na kinamama walioinama kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kuogelea? Subiri yajae. Hoteli ni chache, chakula uagize mapema. Njiani unapita msitu wa Jozani kwenye kima punju, na Kizimkazi Dimbani si mbali, penye msikiti wenye maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 1107. Kijiji hufurika Julai, siku za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanaume wakichapana kwa mabua ya migomba.

Mwenye watoto wa kushinda majini aende Nungwi. Mimi nauli yangu ya daladala ni ya kusini.