Lori la jeshi la kuunda nyumbani: boksi lipi ununue kwanza ukiwa Nairobi

Anayeanza kuunda modeli za kijeshi, yaani magari madogo ya plastiki yanayouzwa vipande vipande kwenye boksi, kwa kawaida huambiwa aanze na kifaru, na anayemwambia hivyo hajakosea. Kifaru ni kisanduku kilichofungwa. Ya ndani hayaonekani. Lori lina chesisi, springi, shafti, difu mbili au tatu, kebini yenye viti na usukani, na ukilipindua vyote viko wazi. Kwa hiyo malori haya nimeyapanga kwa swali moja tu: lipi utalimaliza? Boksi ghali kuliko yote ni lile linalokaa juu ya kabati mwaka mzima likiwa na chesisi nusu.

Tuanze na ukubwa, maana ukishaagiza huwezi kuupunguza. Kipimo cha 1/35, yaani modeli ikiwa ndogo mara 35 kuliko gari halisi, kilizaliwa kwa sababu ya betri. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwili wake ulipimwa uweze kumeza mota na betri, na hesabu ikaangukia karibu 1/35. Lori la Marekani la GMC CCKW, ambalo lile halisi lina mita 6.5 hivi, kwa kipimo hicho hufikia sentimita 18 au 19. Kwa 1/48 linashuka hadi 13 na ushei. Bedford QL ya Waingereza kwa 1/76 ni kama sentimita 8, inaenea kiganjani. Kwa mtu wa bedsitter ambaye meza ya kulia ndiyo meza ya kazi, tofauti hiyo ni kubwa.

1. Tamiya, GMC ya tani 2½, kipimo 1/48. Hili ndilo ningemnunulia mdogo wangu. Vipande vya Tamiya hukutana bila kulazimishwa, na ramani yake ni michoro, kwa hiyo kutojua Kijapani hakukuzuii. Rangi pia ni karibu moja tu, kijani kilichofifia kuelekea hudhurungi, hakuna madoa ya kuficha. Halafu lina hadithi. GMC hizi zilitengenezwa zaidi ya 500,000, na kuanzia Agosti hadi Novemba 1944 ndizo zilizobeba mzigo mkubwa wa ule msafara wa Red Ball Express uliopeleka mafuta na risasi kutoka pwani ya Ufaransa hadi mstari wa mbele. Madereva wengi walikuwa Wamarekani weusi. Gari lililoendeshwa usiku na mchana namna hiyo halikuwa na muda wa kuoshwa, kwa hiyo ukikosea kidogo kwenye rangi, pitisha vumbi na uendelee.

2. Airfix, Bedford QLT na QLD, kipimo 1/76. Boksi moja, malori mawili: moja la kubeba askari, jingine la mizigo. Anayeanza ananufaika hapa, kwa maana la kwanza unaliharibu ukijifunza na la pili unalifanya sawasawa. Shida ni udogo. Kuna vipande vya kushikwa kwa kibano tu, na kikianguka sakafuni kwaheri.

Jina Bedford halihitaji kutambulishwa hapa. Muulize mzee yeyote aliyewahi kusafiri juu ya magunia. Lakini kuna kosa moja ambalo nusura nilifanye mwenyewe. Nilitaka kuunda lori la kikosi kilichotoka Kenya, kikapita Kismayu na Mogadishu, kikaingia Addis Ababa Aprili 1941. Vita vya kwanza vya dunia mzigo ulibebwa na vichwa vya watu, wapagazi wa Carrier Corps, na jina la mtaa wa Kariokor hapa Nairobi limebaki kutukumbusha. Vya pili mambo yalikwenda kwa magurudumu. Hata hivyo QL ilianza tu kutoka kiwandani mwaka huohuo wa 1941. Kuipaka vumbi la safari ile ni kumpa mtoto mchanga leseni ya udereva.

3. Tamiya, GMC hiyohiyo, kipimo 1/35. Yote niliyosema kwenye namba moja, ila kubwa zaidi na rangi inaisha haraka. Kama una macho ya miwani, ipandishe iwe ya kwanza.

4. ICM, ZiL-131, kipimo 1/35. ICM ni ya Ukraine. ZiL-131 ni lori la Kisovieti la magurudumu sita yote yakivuta, lililotoka miaka ya 1960 na kuenea kwenye majeshi mengi ya Afrika. Mimi nalipenda kuliko yote humu, na bado nimeliweka namba nne kwa makusudi. Chesisi yake ina vipande vingi vyembamba, na ekseli moja ikikauka imepinda, gurudumu moja litaning'inia hewani milele. Linunue likiwa la tatu.

5. Karatasi. Mfuko ukikataa, kuna malori ya kukata na kukunja ambayo wenyewe wameyaweka mtandaoni bure. Yachapishe cyber kwenye karatasi ngumu. Rangi tayari ipo, na gundi ya mbao inatosha.

Malori ya chuma yaliyokwisha kuundwa sijayahesabu. Hayo ni mapambo.

Kuhusu pesa: madukani mwa vitu vya watoto kwenye maduka makubwa utabahatisha boksi moja moja, mara nyingi ndege. Lori karibu lazima uagize, na bei unayoiona mtandaoni ni mwanzo tu. Forodha hujumlisha bei na usafiri ndipo ikatoza ushuru, kisha VAT ya 16% inakaa juu ya jumla hiyo. Agizeni watu wawili au watatu kwa pamoja mgawane usafiri. Rangi za kopo la kupuliza na zile za mafuta hushika moto, na wauzaji wengi hukataa kuzisafirisha kwa ndege. Chagua za akriliki za kuchanganya na maji.

Vifaa usiagize. Koleo ndogo ya kukatia nyaya ipo Luthuli Avenue, na hukata vipande kutoka kwenye kiunzi cha plastiki bila kuacha kidonda. Msasa wa kucha wa duka la urembo unafanya kazi sawa na ule wenye jina la modeli. Gundi ndiyo usibanie pesa: tafuta ile nyembamba inayoyeyusha plastiki na kuingia yenyewe kwenye ufa. Super glue hukauka kabla hujanyoosha ekseli.

Na tina (thinner) ya rangi ya magari iache garini. Nilipanguza mlango wa kebini kwa kitambaa chenye tina, na ndani ya dakika moja ulikuwa laini kama ubani uliotafunwa. Lori hilo sasa lina mlango wa turubai, na wageni hudhani nilikusudia.

Usiunganishe kila kitu kabla ya kupaka. Acha chesisi, kebini na bodi vikiwa vitatu tofauti, upake kila kimoja, ndipo uvikutanishe. Kijani cha GMC kiongezee tone la manjano iliyofifia, kwa sababu kwenye kitu kidogo rangi halisi huonekana nyeusi mno. Vumbi la mwisho ni chaki ya pasteli ya hudhurungi isuguliwe kwenye msasa, uipake kwa brashi kavu kuanzia magurudumuni kwenda juu. Udongo mwekundu wa Kiambu unavutia sana, lakini haukuwako Ufaransa.