Maggie Hayumo Kwenye Albamu: Uhakiki wa Sehemu Moja ya The Simpsons

Mfululizo wa katuni wa The Simpsons, ulioanza kurushwa na televisheni ya Fox nchini Marekani mwezi Desemba 1989, umekwisha kupita sehemu 700, na katika wingi huo ni chache ninazoweza kumshauri mtu azitazame zaidi ya mara moja. Mojawapo ni "And Maggie Makes Three" ya msimu wa sita, iliyorushwa Januari 1995, ikiwa imeandikwa na Jennifer Crittenden na kuongozwa na Swinton O. Scott III. Ubora wake unatokana na jambo ambalo vichekesho vingi vya familia hulikwepa: inatambua kuwa mtoto hulelewa kwa fedha, na kwamba mara nyingi fedha hiyo hutafutwa na mzazi mahali asipopapenda.

Kisa kinaanzia kwenye albamu ya picha za familia, ambamo watoto wanagundua kwamba Maggie, mziwanda wao, hana hata picha moja. Baba yao, Homer, anajibu kwa kuwasimulia jinsi alivyomaliza kulipa madeni yake, akaacha kazi katika mtambo wa nyuklia, akakipiga ngoma kichwa cha mwajiri wake Bwana Burns, kisha akaenda kufanya kazi aliyokuwa akiiota, katika ukumbi wa mchezo wa bolingi. Mshahara wa huko ni mdogo, lakini unaitosha familia ya watu wanne. Mkewe, Marge, anaposhika mimba ya tatu, hesabu inakataa, na hesabu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa sehemu nzima. Hakuna aliyemfanyia Homer ubaya. Ni kwamba mtu wa tano hakuwamo kwenye bajeti.

Kurudi kwake kwa Burns kumechorwa kwa ukali unaouma. Anapitishwa kwenye kijilango cha waombaji, kidogo kiasi kwamba inambidi atambae, na mbele ya meza yake ya kazi anabandikiwa kibao kikubwa kinachomwambia asisahau kwamba yuko hapo milele. Hata Maggie anapozaliwa, Homer bado amenyong'onyea, na Dan Castellaneta, anayeigiza sauti yake, anaitoa furaha ya kujilazimisha ambayo mtazamaji anaitambua mara moja. Ni pale mtoto anapomshika kidole ndipo moyo wake unapogeuka. Naona uamuzi huo wa mwandishi ni wa kweli na wa kijasiri, kwa sababu hakumpa Homer upendo kabla ya wakati wake.

Kisha linakuja jibu la swali la picha. Homer anasema ziko mahali anapohitaji kuchangamshwa zaidi, na tunaonyeshwa meza yake kazini: picha za Maggie zimebandikwa juu ya kibao kile, zikaziba baadhi ya herufi, na zilizobaki zinasomeka kuwa afanye kwa ajili yake. Kibao hakikuondolewa, na kifungo chake hakikufutwa. Aliyefungwa ndiye aliyechagua maneno atakayoyasoma kila asubuhi. Jambo hili linaelezwa kwa sekunde chache tu, na nashukuru kwamba hakuna mhusika aliyepewa jukumu la kulifafanua.

Si kwamba kila kitu kimekaa sawa. Dada zake Marge, Patty na Selma, wanaosambaza habari za mimba mji mzima, wamepewa nafasi kubwa kuliko wanavyoongeza kwenye hadithi. Dosari nzito zaidi inamhusu Marge mwenyewe. Yeye ndiye anayebeba mimba, na ndiye anayeificha ili asimharibie mumewe furaha ya kazi mpya, lakini kafara yake hiyo inapitwa haraka, nasi tunabaki na uchungu wa Homer peke yake. Onyesho moja tu la Marge akiwa na hofu yake lingeiinua sehemu hii juu zaidi.

Asiyewahi kuutazama mfululizo huu anaweza kuanza na sehemu hii bila kupotea, kwa kuwa mahusiano yote muhimu yanajieleza yenyewe ndani ya dakika zake zipatazo 22. Msimu wa sita unapatikana Disney+, katika nchi zenye huduma hiyo.