Uzoefu wangu na kamera ya CMOS katika kupima uso wa wimbi la mwanga

Kwa mwaka mmoja nimeitumia kamera yenye sensa ya CMOS (aina ya chipu inayogeuza mwanga kuwa umeme) kwenye kipimo cha Shack-Hartmann, ambacho hugawa mwanga kwa safu ya lenzi ndogo ndogo, kila lenzi ikitupa doa lake juu ya sensa. Doa likihama, umbali wa kuhama kwake ndio unaotueleza mteremko wa uso wa wimbi mahali hapo, na kioo kinachobadilika umbo huamriwa kuusawazisha. Niliichagua kwa sababu ya namba moja kwenye karatasi ya maelezo: kelele ya usomaji, yaani kosa la nasibu linaloingia pikseli inaposomwa, ya elektroni 1 na ushei kwa kila pikseli.

Mwanga ukiwa mwingi, sina lawama nayo. Inayotawala hapo ni kelele ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zenyewe, inayokua kwa kipeuo cha pili cha idadi yake, na hiyo hakuna kamera itakayoiondoa.

Nilipopunguza mwanga kwa vichujio hadi kila doa likabakiwa na fotoni 100 hivi, nikakifunga kioo kisisogee, vitovu vya madoa, yaani sehemu zao za katikati kama zilivyokokotolewa, vilitangatanga, na vichache kati yake vilitangatanga kupita jirani zake, mahali palepale kila siku. Nilishuku hewa inayozunguka chumbani, hata nikaifunika meza nzima, kazi bure. Chanzo kilikuwa pikseli zenyewe. Katika sensa ya CMOS kila pikseli ina kikuza chake, hivyo kelele hazilingani. Namba ile ya kwenye karatasi ni ya pikseli ya katikati ya orodha, ilhali mkiani zimo chache zenye kelele mara kadhaa zaidi, nyingine zikirukaruka kati ya viwango viwili bila mwanga kubadilika. Mtengenezaji hakudanganya; alichagua tu namba iliyompendeza.

Nafuu kubwa niliipata kwenye hesabu. Kitovu hupatikana kwa kuipa kila pikseli uzito wa umbali wake kutoka katikati, kwa hiyo pikseli ya pembeni isiyo na mwanga huchangia kelele tupu, tena kwa uzito mkubwa kuliko zote. Kupunguza dirisha, yaani mraba wa pikseli zinazohesabiwa kwa kila doa, kutoka pikseli 16 hadi 8 kila upande hushusha mchango wa kelele ya usomaji katika varianzi ya kitovu (kipimo cha kutawanyika kwake) takriban mara 16. Gharama yake ni kwamba doa lililohama mno hukatwa ukingoni, na mteremko husomeka mdogo kuliko ulivyo. Kosa hilohilo hutokea usipouondoa mwanga wa usuli, yaani ule usiotoka kwenye doa, kwa kuwa huvuta kitovu kuelekea katikati ya dirisha.

Upoozaji sikuuona na faida kubwa, maana kwa picha 1,000 kwa sekunde mkondo wa gizani, yaani elektroni zinazozalishwa na joto hata bila mwanga, haupati muda wa kujikusanya. Feni yake, kinyume chake, ilitikisa meza.

Niliazima pia kamera ya EMCCD, inayozidisha elektroni kabla ya kuzisoma. Kwa fotoni 100 iliishinda yangu waziwazi. Kwa maelfu ya fotoni ilishindwa, kwa sababu uzidishaji wenyewe huongeza varianzi ya kelele ya fotoni maradufu, kana kwamba nusu ya mwanga imepotea.

Kwa chanzo chenye mwanga wa kutosha ningeinunua tena kamera hii, ila ningedai ije na ramani ya kelele ya kila pikseli. Yangu niliitengeneza mwenyewe, kwa picha 10,000 za gizani.