Uyoga wa kichuguu: mbichi au mkavu?
Mvua za masika zikishika Kakamega, uyoga wa kichuguu hufika sokoni asubuhi, na kufikia jioni umeshaanza kulegea. Huo mbichi ni laini na una utamu wake. Kitunguu, nyanya moja na chumvi vinautosha. Ukitiwa viungo vingi, unapotea. Uache utoe maji yake na yakauke kabla ya kuongeza chochote.

Mkavu ni habari nyingine. Uloweke katika maji ya vuguvugu kama nusu saa, uyachuje kwa kitambaa (mchanga haukosi), kisha uyarudishe sufuriani, maana ladha kubwa imo humo. Harufu yake ni nzito, unatafunika kama nyama, na ukitia njugu za kusaga unapata mchuzi mzito wa kulia ugali wa wimbi.

Kwa upande wa sumu hakuna tofauti: uyoga mbaya hauwi salama kwa kuchemshwa wala kuanikwa, kwa hiyo nunua kwa anayeujua.

Kwa chakula cha kushiba, nachagua mkavu. Mbichi naupika siku ileile, bila njugu.